Namna ya Kuchagua Mahali pa Kupiga Kambi Karibu na Dar es Salaam

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kulala nje ya nyumba kwa usiku mmoja au miwili huchagua mahali kwa kutazama picha: bahari ya buluu, mchanga mweupe, mvinje wenye kivuli na hema lililosimamishwa chini yake. Picha hizo hupigwa mchana, ilhali mtu hulipia eneo la kambi ili alale hapo, na karibu kila jambo linaloifanya kambi iwe njema au mbaya hutokea baada ya jua kuzama. Maji ya bahari hujaa, upepo hubadilika, mbu hutoka, muziki wa ukumbi wa jirani huongezwa sauti, mvua hunyesha, na lango la hifadhi hufungwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayechagua ni huu: upime usiku wa mahali kwanza, kisha ndipo uulizie uzuri wake wa mchana.

Jiji hili lina bahati ambayo miji mingi haina. Ndani ya mwendo wa saa chache kuna fukwe za Kigamboni, kuna kisiwa cha Mbudya, kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na kwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya Bagamoyo, kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako tembo na twiga wanaishi kwenye nyika inayokomea ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nayo inafikika kwa gari kutoka jijini, lakini urefu wa safari yake unadai siku kadhaa, nami nimeiacha nje ya mwongozo huu unaomlenga mtu mwenye mwisho wa juma tu, au mwisho wa juma uliorefushwa na sikukuu.

Tazama kalenda kabla ya kutazama ramani

Swali la wapi haliwezi kujibiwa kabla ya swali la lini. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua hunyesha kwa wingi, udongo hulowa hadi chini, na barabara za vumbi hugeuka matope. Katika miezi hiyo mtu mwenye gari dogo aifute Saadani kabisa katika mawazo yake, na hata Pugu aende pale tu ambapo amehakikishiwa kwamba kuna banda lenye paa karibu na hema. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni nyepesi zaidi, lakini mvua zake hupenda kuja kwa kishindo usiku na kukatika asubuhi, na hizo ndizo zinazowakuta watu wamelala kwenye bonde.

Kati ya Juni na Septemba hali huwa nzuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mvua ni chache, usiku una ubaridi wa kupendeza, na nyasi za Saadani zimekauka kiasi kwamba wanyama huonekana kwa urahisi zaidi. Hata hivyo huo ndio msimu wa kusi, na kwenye ufukwe ulio wazi upepo huo hupiga mfululizo, ukipuliza mchanga hadi ndani ya sufuria na kulitikisa turubai usiku kucha. Basi katika kusi tafuta mahali penye kizuizi: safu ya mivinje, kichaka kinene, au jengo lililo upande unakotoka upepo. Katika kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kanuni hugeuka. Joto na unyevu huwa vikali, hema lililojificha nyuma ya kichaka huwa tanuri, na kile ulichokikimbia mwezi Julai ndicho unachokitafuta mwezi Januari, yaani mahali pa wazi panapopitisha hewa, pamoja na hema lenye madirisha makubwa ya wavu pande mbili zinazoelekeana.

Kalenda ya pili ni ya mwezi wa angani, nayo ina uzito mkubwa kwa anayelala pwani.

Ufukweni: usiamini mchanga unaouona saa 4 asubuhi

Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku mpya nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo kina hicho humaanisha makumi ya mita za mchanga zinazofunikwa na kufunuliwa. Jambo ambalo wageni wa bahari hawalijui ni saa zake. Katika siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na hufikia kilele karibu na saa 10 jioni, kisha tena karibu na saa 10 alfajiri. Familia inayowasili asubuhi hukuta bahari imekwenda mbali, mchanga mpana umekauka, na huona kwamba mahali pazuri pa hema ni pale palipo tambarare katikati. Maji yatakapofika hapo kwa mara ya pili, watoto watakuwa usingizini. Bamvua kubwa kupita zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na Septemba ndio mwezi ambao hali yake ya hewa huwavuta watu wengi ufukweni.

Huhitaji kuwa mvuvi ili kujua maji yanafika wapi, kwa sababu bahari huandika mpaka wake kila siku. Tembea kutoka majini kuelekea nchi kavu ukitazama chini. Utakuta kwanza mstari mbichi wa mwani, bado una unyevu na unarukwa na viroboto wa mchangani. Huo ni wa maji ya leo. Ukipanda zaidi utakuta mstari wa pili, mkavu, wenye vijiti, vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, kandambili zilizokatika na makombe yaliyopaushwa na jua; huo uliachwa na bamvua iliyopita. Nyuma ya mstari huo ndipo mlakasa unapoanza kutambaa, ule mmea wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama kwato ya mbuzi. Mlakasa haustawi pale ambapo bahari inaupiga mara kwa mara, hivyo hema lisimame nyuma yake, si mbele. Ukiona mizizi yake inaning'inia hewani na mchanga umekatwa wima chini yake, ujue kwamba ufukwe huo unamomonyoka na kwamba mpaka wa jana hauwezi kutegemewa. Rudi nyuma zaidi, au tafuta mahali pengine. Fukwe za Kunduchi zimekuwa zikiliwa na bahari kwa miongo mingi, na kuta na matuta ya mawe yaliyojengwa huko yanaonyesha jinsi watu walivyohangaika kuizuia. Si vibaya pia kukumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, lakini eneo ambalo mwenyewe amejenga vyoo na mabanda yake karibu kabisa na maji linakuambia jambo kuhusu uangalifu wake katika mambo mengine.

Sasa tazama juu. Usiweke hema chini ya mnazi wenye nazi, hata kama mwenye eneo anakuambia kwamba zimeangushwa juzi. Inua macho uhakikishe mwenyewe, pamoja na makuti makavu ambayo nayo ni mazito. Mvinje ni mti salama zaidi kulala chini yake, ila sindano zake zilizokauka hushika moto upesi sana, hivyo jiko liwe mbali na lile zulia la rangi ya kahawia linalotapakaa chini yake. Na kwa kuwa mchanga haushiki vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na mahema mengi, beba mifuko ya kitambaa, ijaze mchanga, ifunge kwenye kamba za hema na kuizika kina cha mkono hadi kiwiko. Hema lililofungwa hivyo hustahimili kusi.

Kwa upande wa Kigamboni, maeneo ya kuchagua yanaanzia Mjimwema na kuendelea kusini kupitia Gezaulole hadi Kimbiji na zaidi. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo utulivu unavyoongezeka na huduma zinavyopungua. Hoteli nyingi ndogo za ufukweni huruhusu mahema ndani ya uzio wao kwa malipo ya kila kichwa, na kwa anayepiga kambi mara ya kwanza, hasa mwenye watoto, hilo ndilo chaguo ninalolipendekeza bila kusita: kuna mlinzi, kuna choo, na kuna mtu wa kumwamsha. Lakini chunguza jambo moja kabla ya kulipa. Maeneo mengi ya Mjimwema ni kumbi za starehe siku ya Jumamosi, na muziki wake hauishi saa 6 usiku. Uliza waziwazi kama kuna sherehe siku hiyo, na kama jirani ana ukumbi. Ufukwe usio na mwenyewe ni habari nyingine: usipige kambi hapo bila kuzungumza na serikali ya mtaa au kijiji, na pale penye wavuvi, na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe. Mazungumzo hayo ni adabu, na pia ndiyo ulinzi wako, kwa sababu watu wanaojua kwamba upo watakuangalia usiku.

Kasa hutaga kwenye baadhi ya fukwe za kusini mwa Kigamboni, na vifaranga wao wanapototoka mchangani huelekea kwenye mwanga, wakiamini kwamba ndiyo bahari. Taa kali ya kambi inayoelekezwa ufukweni huwapoteza hadi jua linapowakuta juu ya mchanga mkavu. Ukichagua ufukwe wa aina hiyo, zima taa zinazoelekea baharini mnapomaliza kula, au tumia tochi yenye mwanga mwekundu hafifu. Ninaomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito, kwani kasa ni wachache na usiku mmoja wa uzembe wetu unaweza kuua kiota kizima.

Kufika Kigamboni ni kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016 na ambalo magari hulilipia. Ijumaa jioni foleni za pande zote mbili hula muda. Ondoka mapema ili hema lisimame kabla ya magharibi, kwa kuwa kwetu giza halichelewi baada ya jua kuzama.

Mbudya

Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, na huingiwa kwa kulipa ada. Kulala huko kunafaa kwa mtu mzima aliyezoea kambi, kwa kuwa kisiwa hakina maji yasiyo ya chumvi, na mashua ikishaondoka jioni umebaki na ulichobeba. Beba maji ya kunywa na kupikia yasiyopungua lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza ya siku moja ya ziada, kwa sababu upepo ukichafuka nahodha mwenye busara hatakuja kukuchukua kwa saa mliyopatana. Kubaliana naye juu ya malipo ya kwenda na kurudi, na umlipe nusu ya pili mtakaporudi. Kwa watoto wadogo, Mbudya ni ya mchana.

Pugu: kambi ya msitu karibu na nyumbani

Watu wa jijini huisahau Pugu kwa sababu haina bahari, nami naona ni hasara kubwa. Barabara ya Nyerere inapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, inapanda vilima, na kabla hujachoka na safari uko ukingoni mwa msitu wa pwani wa kale, mabaki ya misitu iliyowahi kutanda sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Msitu huu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na ni mojawapo ya maeneo machache duniani anakoishi komba mdogo wa Rondo. Asiye na gari hufika Kisarawe kwa daladala na kumalizia kwa bodaboda.

Usiku wa Pugu una ubaridi, una giza la kweli, na una sauti. Komba hulia kwa namna ambayo mtoto asiyeambiwa mapema atadhani kuna mtoto mwenzake anayelia msituni. Waambie kabla ya kulala, na mkisikia mtakaa macho kwa furaha badala ya hofu. Mapango yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini sasa ni makazi ya popo wengi sana, nao wakitoka jioni ni tamasha la kutazamwa kutoka mbali. Usilale karibu na mdomo wa pango, na usiingie ndani bila mwongozaji na kitu cha kufunika pua, kwa kuwa hewa ya kinyesi cha popo ina madhara kwa mapafu.

Katika kuchagua kipande cha ardhi msituni, mambo matatu yanatosha kukuamulia. La kwanza ni mteremko. Maji ya mvua ya Pugu hushuka vilima kwa kasi, na njia yake huonekana hata wakati wa kiangazi: majani makavu yamelala yakielekea upande mmoja, mchanga mwembamba umetuama nyuma ya mizizi. Usilale juu ya njia hiyo hata kama ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare. La pili ni matawi makavu yaliyonasa juu ya miti. La tatu ni siafu. Zunguka eneo lote ukitazama ardhi kabla ya kutandika chochote, na ukiona msafara wao ukivuka, hata kama ni mwembamba kama uzi, hama. Majivu na mafuta ya taa havizuii kundi lililoamua kupita, na anayeamshwa nao usiku wa manane huwa hana muda wa kutafuta viatu.

Kukata kuni katika hifadhi hakuruhusiwi. Jiko dogo la gesi lenye mtungi wa kilo 6 linatosha familia kwa siku zote za kambi, na linakuondolea tatizo la kuni mbichi kwenye usiku wa mvua.

Saadani: usikimbilie, lakini usiikose

Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nayo inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mtoto wa Dar es Salaam anayewajua tembo kwa televisheni tu, ilhali wapo upande wa pili wa Bagamoyo, amekosa kitu kilicho chake. Hata hivyo kambi ya Saadani inahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu hapa eneo la kambi halina uzio na wanyama hupita wapendapo.

Anza na barabara. Njia ya zamani inapitia Chalinze, inaelekea Segera, kisha inaingia kulia Mandera na kufuata takriban kilomita 60 za vumbi hadi kijiji cha Saadani. Njia nyingine ni ya Bagamoyo na Makurunge, ambayo ni fupi kwa ramani, lakini hali yake imekuwa ikibadilika kutokana na ujenzi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani. Pigia simu ofisi ya hifadhi wiki unayosafiri, uulize ni njia ipi inayopitika na kwa gari la aina gani. Sehemu za hifadhi zina ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Gari likizama humo, haliondoki kwa kusukumwa. Kwa kuwa kuendesha gari ndani ya hifadhi usiku hakuruhusiwi, panga uwe umeingia langoni mapema mchana, ukijiachia saa mbili za ziada kwa ajili ya pancha au kupotea njia.

TANAPA ina kambi za aina mbili, na kuzichanganya kumewaharibia wengi safari. Kambi ya umma ina vyoo, maji ya kuogea na kibanda cha kupikia, na utaitumia pamoja na wageni wengine. Kambi maalumu ni yako peke yako, lazima uiwekee nafasi mapema, ada yake ni kubwa zaidi, na haina kitu: hakuna choo, hakuna maji, kuna ardhi na miti tu. Kwa safari ya kwanza chagua kambi ya umma. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, si kwa fedha taslimu mkononi mwa askari, na katika kupiga hesabu angalia kama kiwango ulichoonyeshwa kimejumuisha VAT. Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango kilicho chini sana kuliko cha wageni wengine, na bila kitambulisho hutaweza kukidai.

Unaweza kulala upande wa bahari au upande wa Mto Wami. Upande wa bahari una upepo, na upepo hupunguza mbu na mbung'o. Upande wa mto una ndege na kivuli, lakini pia una viboko na mamba, na hapo mahali pa hema huamua mambo mengi. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ileile; njia yake huonekana kama vijia viwili sambamba vilivyochimbika, vyenye kinundu cha nyasi katikati, kutoka kwenye ukingo wa mto kuelekea nyikani. Kuziba njia hiyo kwa hema, au kusimama kati ya kiboko na maji, ni hatari ya kifo. Mwombe askari wa uhifadhi akuonyeshe mahali pa kusimamisha hema, na umtii hata kama anakupeleka mahali pasipo na mandhari.

Baada ya chakula cha jioni, kila chenye harufu kiingie ndani ya gari: mabaki ya chakula, matunda, mafuta ya kupikia, hata sabuni. Tembo hufuata harufu ya matunda, na fisi hufuata mifupa. Ndani ya hema abaki mtu, maji na tochi. Kabla ya kulala amueni mapema jinsi ya kwenda chooni usiku. Wanaoongozana wawe wawili, wamulike pande zote kwanza, na wakiona macho yanayong'aa warudi ndani ya gari taratibu. Kwa mzee au mama mjamzito, ndoo yenye kifuniko ndani ya hema ni bora kuliko safari ya giza.

Mbung'o wa Saadani huuma mchana, na huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Vaeni nguo za rangi ya kaki au kijani kibivu, na funga madirisha gari linapokwenda, kwa kuwa hufuata gari linalotembea. Mbu ni wa kila mahali katika mwongozo huu. Malaria ipo pwani yote, na homa ya dengue, ambayo huenezwa na mbu wa mchana, iliwahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Hema lenye zipu nzima na dawa ya kujipaka ni vitu vya lazima, si vya ziada.

Maneno ya kwenye simu

Mwenye eneo akipigiwa simu atasema kwamba kila kitu kipo. Kwa hiyo usiulize kama maji yapo. Uliza yanatoka wapi, na kama ni ya chumvi, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi inayokataa sabuni na kuharibu chai. Usiulize kama kuna ulinzi. Uliza mlinzi ni wangapi, anaanza saa ngapi, na kama anazunguka au anakaa getini. Uliza vyoo vingapi vinatumiwa na watu wangapi siku ya Jumamosi. Uliza jenereta iko umbali gani na huzimwa saa ngapi. Uliza mtandao gani wa simu unashika pale penye mahema, si pale mapokezi. Uliza hospitali au kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na gari la kukupeleka usiku litatoka wapi. Mwishoni omba akutumie picha ya mahali penyewe iliyopigwa jioni hiyo, siyo ile ya kwenye tangazo. Anayesita kujibu maswali haya amekwisha kujibu.

Ukifika, kabla ya kushusha mizigo, lala chali juu ya ardhi tupu pale unapotaka kuweka hema, kwa dakika chache. Mwili utakuonyesha mteremko ambao jicho halikuuona, mzizi uliojificha, na upande ambao kichwa kinapaswa kuwa. Kichwa kiwe juu, mlango usielekee upepo, na gari liegeshwe likitazama njia ya kutokea.

Takataka zote zirudi jijini kwenye gunia, siyo kwenye mfuko wa rambo, ambao umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na usizizike, kwa kuwa fisi na mbwa huzifukua usiku uleule. Kwa waliolala Saadani, kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia. Aliyeingia saa 8 mchana awe amevuka lango kabla ya saa 8 ya siku ambayo kibali chake kinaisha, ama sivyo atadaiwa siku nyingine. Funga hema likiwa limekauka, na kama umande haujaisha saa ya kuondoka, lifunge hivyo hivyo, kisha ulitandaze uani au kwenye kamba ya nguo mara tu unapofika nyumbani, kwani hema likikaa na unyevu kwa siku mbili tatu katika joto la Dar es Salaam huota ukungu usiotoka.